Kitanga Bila Herufi

Jumatatu, 3 Novemba 1975. Kasulu.

Ndugu Tamimu leo kaongea kwa sauti ya chini. Mbaya sana hiyo. Meneja wetu akifoka hakuna neno, anafoka hata akiagiza chai. Akinong'ona ndipo mtu anapopotea kazini. Mwaka jana alimnong'oneza mtunza stoo, na hadi leo sijui yule mtu yuko wapi.

Katuita mimi na karani mwenzangu Venanti, kafunga mlango. Ofisi ya mkoa imelalamika. Redio koli yetu inakula muda. Masafa ni ya wote: hospitali wanasubiri, watu wa barabara wanasubiri, sisi bado tunasoma majina ya vijiji. Kuanzia kesho tuna dakika tano tu kila asubuhi.

Kosa ni la upepo. Mwezi wa tatu uliezua paa la bohari yetu, na tangu hapo mahindi yote ya msaada na mbegu zote zimehifadhiwa Kibondo, na malori yako huko huko. Kazi yetu sisi ni kuwaambia Kibondo kwa redio gari lipeleke nini na kijiji gani. Venanti ndiye anayeandika ujumbe, mimi nasoma. Venanti huandika kama mtu anayeposa. Kwa heshima na taadhima tunaomba gari la Ndugu Tharsisi lielekee. Kabla gari halijaelekea, dakika tatu zimekwisha.

Meneja kasema atakayepata njia ya kufupisha ataenda kozi ya Tabora, miezi sita, akirudi ni karani mkuu. Na yule mwingine. Sentensi hiyo hakuimaliza.

Tumbo limeniuma hadi jioni. Mke wangu Adija kasema ni wale samaki wa jana, migebuka. Si migebuka.

Nimekaa mezani nikatunga kitu. KARATASI YA AMRI. Herufi moja, neno moja, basi. C ni chakula, inafuatwa na kijiji. M ni mbegu, inafuatwa na kijiji. G ni idadi ya gunia. D ni dereva. Nimeweka na kanuni kwa ajili ya ulimi unaoteleza: herufi ikirudiwa, aliye Kibondo afute la kwanza aandike la pili. Chini kabisa nimepiga chapa: Mtunzi, A. Gharibu. Abdalah ningeiandika kwa kirefu, lakini kanuni ni ufupi.

Jumanne, 4 Novemba

Nakala ya kaboni imekwenda Kibondo na gari la alfajiri. Nimeomba redio isogezwe hadi mchana, Immakulata apate kuisoma kwanza. Immakulata ndiye karani wa redio wa huko. Simjui sura, namjua sauti tu. Hacheki. Huandika anachosikia, na akisikia kikohozi nadhani anakiandika pia.

Nimesoma: C Buhoro, G thelathini, D Tharsisi, ova. Sekunde kumi na mbili. Nikaachia kitufe mapema. Immakulata karudia neno kwa neno. Saa kumi Tharsisi kapita na lori tupu, kasema Buhoro wamepata.

Meneja kafoka kwa furaha. Venanti kanipa mkono, halafu kauliza, kwa upole wake ule unaokera, je vikiwa vijiji vitatu kwa mara moja? Nimemwambia kila jambo limefikiriwa. Halikuwa limefikiriwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Vijiji vitatu. Kitanga, Makere na Heru Juu, wote chakula, gunia tisini kwa jumla, magari matatu.

Nilifikiri hivi: herufi si inaweza kurudiwa? Nikasoma C Kitanga, C Makere, C Heru Juu, G tisini. Immakulata akarudia: C Heru Juu, G tisini. Kulikuwa na mkwaruzo hewani. Nikadhani sehemu ya mwanzo imemezwa na mkwaruzo. Nikasema sahihi, ova.

Mkwaruzo haukumeza kitu. Kanuni yangu ndiyo iliyomeza. Herufi ilirudiwa, akafuta la kwanza. Ikarudiwa tena, akafuta la pili. Magari yote matatu yamekwenda Heru Juu.

Nimejua jioni, wazee wa Heru Juu walipofika ofisini na jogoo wa shukrani kwa meneja. Ghala lao limejaa hadi mlango haufungi. Meneja kapokea jogoo, kawashukuru, kawasindikiza. Halafu kanigeukia, kanong'ona. Makere je? Na Kitanga je?

Nimesema hewa ilikuwa chafu. Kanitazama kwa muda mrefu sana akiwa amemshika yule jogoo.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi wanawake watatu wa Makere wamekaa mbele ya ofisi na nyungo tupu mapajani. Nimeingia kwa mlango wa nyuma. Nilipotoka kwenda sala ya Ijumaa walikuwa bado wapo. Niliporudi walikuwa wapo. Afadhali wangetukana.

Dawa nimeipata. Herufi moja, kisha vijiji vyote, vikitenganishwa kwa mkato kama kwenye maandishi. Mtoto wa darasa la nne anajua mkato. Nimesoma redioni: C Makere mkato Kitanga, D Tharsisi, ova. Immakulata karudia: Makere, mkato, Kitanga. Maneno yale yale hasa. Moyo umetulia.

Venanti kauliza kama Kibondo wamearifiwa maana ya mkato. Nimemwambia aendelee kusugua baiskeli yake. Anaisugua kila siku kwa kitambaa cha shati la zamani, hata spoku moja moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Lori halijarudi. Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Nimewaza majambazi, nimewaza daraja, nimewaza Tharsisi kavuka mpaka na mahindi ya serikali na mimi ndiye niliyemtuma. Siku hizi neno hujuma halikai mbali.

Tharsisi kafika saa tisa kwa miguu, matope hadi kiunoni. Kashusha Makere bila matatizo. Kisha akatazama hati aliyoandikiwa na Immakulata: Makere, mkato, Kitanga. Akajua ameamriwa apite njia ya mkato. Yeye mwenyewe alishangaa, maana njia ile huwa ya ng'ombe, lakini amri ni amri. Lori limezama bondeni. Gunia za Kitanga zimelowa. Watu wa Makere walikuja kusaidia kuzibeba, wakazibeba hadi kwao.

Kwa hiyo Makere wana chakula mara mbili. Heru Juu wana chakula mara tatu. Kitanga hawana hata punje, na hii ni wiki ya tatu.

Meneja yuko Kigoma hadi Jumatatu. Alhamdulillahi.

Jumapili, 9 Novemba

Venanti katoka kanisani moja kwa moja hadi kwangu. Adija kampa kiti, kampa na chai. Kasema amefikiria jambo. Kila orodha ya vijiji iishe kwa neno basi. M, vijiji vya mbegu, basi. C, vijiji vya chakula, basi. Hapo Immakulata atajua orodha imeishia wapi.

Wazo si baya. Ndiyo sababu limeniuma. Nimemwambia neno basi ni la kupoteza muda. Nikamwambia nina njia fupi zaidi. Kainuka, kashukuru chai, kaondoka. Adija kauliza njia gani hiyo. Nimemwambia asubiri.

Njia ni hii. Karibu kila siku tunapeleka chakula. Chakula ndicho cha kawaida. Basi cha kawaida hakihitaji herufi! Kijiji kikitajwa bila herufi, ni chakula. Herufi zitumike kwa mambo ya pekee, kama mbegu. Nimempelekea Immakulata kanuni mpya kwa mkono wa dereva. Nimeandika pia kwamba herufi moja sasa inaweza kubeba vijiji vingi, mkato umefutwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Meneja karudi, kapata habari ya lori, kanong'ona mara mbili kabla ya saa mbili. Kasema leo niseme sawasawa. Mvua imeshaanza. Makere na Heru Juu wameshapata chakula, sasa wapelekewe mbegu. Kitanga wapelekewe chakula, na wapelekewe leo.

Nimesoma: M Makere Heru Juu, Kitanga, ova. Mbegu Makere na Heru Juu. Kitanga bila herufi, yaani chakula. Sekunde tisa. Hakuna ofisi katika mkoa huu iliyowahi kusema mambo matatu kwa sekunde tisa. Immakulata kauliza kama Juu ni kijiji peke yake. Nikasema hapana. Karudia: M, Makere, Heru Juu, Kitanga. Nikasema sahihi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Kanipiga bega.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika haya usiku.

Tharsisi kaleta hati za mapokezi. Makere, mbegu, imesainiwa na bwana shamba. Heru Juu, mbegu, imesainiwa na bwana shamba. Kitanga, gunia thelathini. Imesainiwa na mtunza ghala wa kijiji, Pelagia. Juu ya hati Immakulata kaandika herufi moja tu: M. Chini, Pelagia kaongeza kwa mwandiko wake: Tumepokea mahindi. Asanteni. Leo watoto watashiba.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa. Nilisema M kisha majina matatu. Nilijua mimi kwamba jina la tatu halimo. Immakulata angejuaje? Mbegu zile zimetiwa dawa ya wadudu. Ni sumu. Zimepakwa rangi nyekundu ili watu wajue. Lakini gunia zilikwisha, kwa hiyo zimefungwa kwenye gunia za msaada, zile zile za chakula, na onyo ni kipande cha karatasi kilichoshonwa ndani ya mdomo wa gunia kwa lugha ya kigeni. Na Kitanga hawana bwana shamba. Na wana njaa wiki tatu. Na hati ni ya jana.

Nilipaswa kwenda kwa meneja. Mlango ulikuwa hatua sita. Nimezihesabu. Badala yake nimetoa karatasi yangu ya amri kwenye faili, nikafuta kwa wembe A. Gharibu, nikapiga chapa herufi V na nukta. Venanti hana kosa lolote. Nikamalizia jina lake la ukoo. Sikujisikia vizuri. Sikujisikia vibaya kiasi cha kuacha.

Nyumbani Adija kaniuliza nina nini. Nimemweleza yote, isipokuwa habari ya wembe. Kaweka mwiko chini. Kasema, "Na bado umekaa hapa?"

Jumatano, 12 Novemba. Kitanga.

Nimetoka kabla ya jua. Baiskeli ya Venanti ilikuwa imeegemezwa ukutani kwao. Sikubisha hodi. Ningebisha ningelazimika kueleza.

Saa nane za kunyonga pedeli. Milima ile, kila mmoja mtu huupanda akidhani ni wa mwisho. Njiani nimewaza nitasema nini. Nimewaza pia kuvuka moja kwa moja hadi Burundi, ila watu wenyewe wa huko wanakimbilia kwetu. Kila niliyekutana naye nilimchungulia usoni kama ana habari za Kitanga. Hakuna aliyekuwa nazo. Nikawaza labda hakuna aliyebaki wa kuzitoa.

Nimefika saa nane mchana. Barabarani hapakuwa na mtu. Moshi hakuna. Milango imefungwa. Karibu na ghala, kuku wawili wamelala chali.

Nimesimama hapo na baiskeli ya watu. Nimesema kwa sauti majina ya Mungu niliyoweza kuyakumbuka, na nilikumbuka machache.

Mlango wa ghala ukafunguliwa. Akatoka mama mmoja mrefu, ufunguo umefungwa shingoni kwa kamba ya katani. Nikamwamkia shikamoo ingawa nadhani tumelingana umri. Ndiye Pelagia. Kasema watu wote wako bondeni kuchimba mizizi, kwa sababu hakuna cha kupika.

Nikauliza kuhusu mahindi. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Kanieleza polepole, huku akinitazama viatu. Siku ya kwanza alipokea, akasaini, akafurahi. Akafungua gunia moja kugawa. Harufu ikampiga. Harufu ya duka la dawa, kasema. Mikono ikawa myekundu. Akaosha mara tatu na rangi haikutoka. Watu walikuwa wamepanga foleni na mabakuli. Akawaambia hapana. Wakamfokea. Wazee wakamwita mchoyo, mwingine akasema anataka kuwauzia. Akawatupia kuku wake wawili punje kidogo mbele ya wote, wakasubiri. Baada ya hapo hakuna aliyefoka. Akafunga ghala, akavaa ufunguo, na tangu juzi analala mlangoni.

Nilitaka kukaa chini. Nikakaa.

Kasema, "Lakini mmoja alikula."

Mzee Ndihokubwayo. Alikuja miaka mitatu iliyopita akikimbia vita ng'ambo ya mpaka, na hapa analima kipande kidogo nyuma ya kanisa. Alisaidia kushusha gunia, na moja lilikuwa na tundu. Alichukua viganja viwili vya punje kwenye pindo la shati kabla Pelagia hajafungua kitu. Akazikaanga. Tangu jioni ile hadi asubuhi alitapika hadi akaanza kuweweseka. Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi zahanati. Mganga kamweka huko siku nzima, leo wamemrudisha. Ataishi. Bado hawezi kusimama.

Nimepelekwa kumwona. Sikutaka. Amelala kwenye mkeka, mdogo kama nguo zilizokunjwa. Pelagia kamwambia huyu ametoka kwenye ofisi ya mahindi. Mzee kageuza kichwa. Hakuonekana kuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Kasema, "Mwezi wa tisa mlituletea ya njano. Tukasema haya si mahindi. Mkasema ni mahindi. Tukala. Safari hii yamekuja mekundu. Ningejuaje?"

Sikuwa na jibu. Naandika hivyo kwa sababu kwa kawaida huwa ninalo.

Tulipotoka Pelagia kanisimamisha uwanjani. Kaniuliza, "Wewe ndiye unayeyasoma majina yetu kwenye redio?"

Nikasema majina husomwa na watu mbalimbali, kwa zamu. Halafu kachukua kalamu mfukoni mwangu, kanipa, kasema niandike hapo hapo mbele yake: Kitanga, chakula. Kasema niweke nukta. Nikaweka. Kasema nisome. Nikasoma. Kasema nisome tena.

Nimekula majani ya maboga kwake, bila chumvi. Alinipa sawa na walichopata wengine.

Alhamisi, 13 Novemba. Makere.

Siamini ninachoandika, wala ninapokiandikia.

Asubuhi nilikuwa najiandaa kuondoka Kitanga nikasikia lori. Tharsisi. Gunia thelathini, mahindi ya njano, ya kuliwa. Watoto walianza kukimbia kabla halijasimama. Pelagia kafungua la kwanza, kainama, kanusa, kaosha mikono akaitazama. Halafu kakubali kwa kichwa. Wanawake wengine walilia. Mimi pia kidogo, nyuma ya lori.

Nikamuuliza Tharsisi nani katuma. Kasema ni Venanti. Adija alikwenda kwake jana asubuhi, mara nilipoondoka. Venanti akakaa kwenye redio, akamwambia Immakulata aongeze neno basi kila mwisho wa orodha, akasoma. C Kitanga basi. Tharsisi kasema pia wamechukua mbegu nyekundu zirudishwe Kibondo, na kila gunia lipigwe chapa ya fuvu.

Nikapanda baiskeli. Nimefika hadi kizuizi cha Makere, mgambo wawili wakasimama mbele yangu. Mmoja kashika usukani. Kasema ndiye huyu.

Nilijua. Mzee kafa. Au meneja kafungua faili. Kabla hawajaniuliza neno nikasema yote. Nikasema kanuni ni yangu. Nikasema nilisema M kisha majina matatu. Nikasema gunia thelathini za sumu, mzee kala, nilifuta jina kwa wembe, nina mke, anisamehe Mungu. Nililia nikiwa bado nimekalia baiskeli.

Mgambo mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha kafungua daftari. Daftari lake lina mistari: jina, kijiji, kosa. Nafasi ya kosa ni ndogo, inaingia neno moja. Kaandika: baiskeli.

Venanti alikuwa ameripoti jana alfajiri, kabla Adija hajafika kwake, kwamba baiskeli imeibwa. Hakuna aliyewaarifu hawa wa Makere kwamba mambo yamebadilika. Nikajaribu kumweleza habari ya mbegu upya. Kasema kosa moja linatosha, nafasi haipo.

Nimewekwa kwenye chumba cha ofisi ya kata pamoja na jembe na mabango ya kisomo. Saa kumi kaja Venanti, kapewa habari na Tharsisi aliyeniona kizuizini, kapanda lori lake lililokuwa likirudi. Kawaambia baiskeli aliniazima mwenyewe, akasahau. Kasema uongo mbele ya mgambo kwa ajili yangu, uso umemwiva. Halafu kainama, kakagua spoku moja moja.

Njiani aliishikilia baiskeli isigongwe. Nilitaka kumwambia habari ya wembe. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote lori liliingia shimo.

Ijumaa, 14 Novemba. Kasulu.

Meneja katuita. Kafunga mlango. Mezani alikuwa na karatasi ya amri, ile ile. Nikaona mahali penye wembe. Karatasi imekwaruzika, mwanga unapenya. Nilijua ameona.

Hakuona. Au ameona na hakujali. Kasema amezungumza na ofisi ya mkoa. Tukio la Kitanga limewasikitisha, mtu mmoja ameugua, lakini wameelezwa kwamba karatasi ilitumiwa na msomaji kinyume cha alivyokusudia mtunzi. Kasema tangu juzi karatasi ikitumiwa kwa neno basi, haijakosea hata mara moja, na mkoa mzima utaiga. Kageuza karatasi, kasoma jina la chini. Kampa mkono Venanti. Tabora, Januari, miezi sita.

Venanti katazama jina lake pale chini. Kanitazama. Kafikiri, naona, kwamba nilimwandika kwa uungwana. Machozi yamemlenga. Kasema mbele ya meneja kwamba hajapata kuwa na rafiki kama mimi. Nikasema si kitu.

Kisha meneja kanong'ona. Mimi nimehamishiwa bohari ya Kibondo, kuandika alama juu ya gunia, chini ya Immakulata. Redio nisiiguse. Nikauliza nisiiguse kwa muda gani. Kafungua mlango.

Adija kafunga virago. Jana, nikiwa nimeshaondoka Kitanga, alikwenda huko na lori jingine kupeleka chumvi na sabuni kwa Mama Pelagia, kutoka kwenye kabati letu. Sikuulizwa. Kasema mzee amekaa mlangoni kwake, anakula uji.

Jumatatu, 24 Novemba. Kibondo.

Immakulata ni mfupi kuliko sauti yake. Siku ya kwanza alinipa kopo la rangi, burashi, na amri moja: kila gunia jina moja la kijiji, herufi kubwa, upande mmoja. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Wiki nzima nimefanya hivyo. Amenikagua kila jioni, hakupata kosa.

Leo kaenda Kigoma kwenye arusi ya dadake, atarudi Alhamisi. Kaniachia bohari. Kasema nisibadili chochote.

Nimekaa peke yangu na gunia mia mbili nikazitazama vizuri. Gunia lina pande mbili na ncha mbili. Hiyo ni nafasi nne, na sisi tunaandika moja! Mara ngapi lori limekuta daraja limevunjika likarudi na mzigo? Upande wa kwanza ungeandikwa kijiji cha kwanza. Wa pili, kijiji cha akiba. Ncha ya juu, cha akiba ya akiba. Dereva anageuza tu gunia. Hakuna redio, hakuna herufi, hakuna neno basi. Ofisi ya mkoa haijapata kuona kitu kama hiki.

Dereva mmoja mgeni kaniuliza, sasa atajuaje upande upi ndio wa kwanza. Nimemwambia inaonekana yenyewe.

Nimeshamaliza gunia arobaini, rangi bado haijakauka. Gari linapakia saa nane. Kwa mara ya kwanza mwezi huu tumbo haliniumi, wala sina hofu yoyote.